Sauti ya Malkia Elizabeth

Hotuba za zamani za Elizabeth II hunigusa sana. Alirithi ufalme Februari 1952 akiwa Kenya, mama kijana wa miaka 25. Sauti yake ya enzi hizo ni nyembamba, kila neno limepigwa pasi. Mwaka 1957 Lord Altrincham, mhariri wa jarida moja la Uingereza, aliandika kwamba uongeaji wake unakera, na hotuba anazoandikiwa zinamfanya aonekane msichana wa shule anayejidai. Maneno makali! Mwaka huohuo hotuba yake ya Krismasi ikaonyeshwa kwa televisheni mara ya kwanza. Baadaye watafiti walipima irabu zake za miaka ya 1950 na 1980, wakakuta zimesogea kuelekea lafudhi ya kawaida ya kusini mwa Uingereza. Mimi sioni unafiki hapo. Alitaka watu wake wamsikie, si wamsujudie tu.