Nilivyojitengenezea snoubodi yangu ya kwanza

Nina miguu mikubwa. Kwenye snoubodi, ubao wa kutelezea juu ya theluji, unasimama kiubavu, na buti zikizidi upana wa ubao, kila unapokata kona vidole vinaburuta theluji na chini unakwenda. Dukani sikupata mpana wa kunitosha kwa urefu nilioutaka, nikaamua kuutengeneza: sentimita 156 kwa urefu, 27 kwa upana kiunoni, yaani katikati ubao unapobana.

Hapa Vermont, Marekani, si jambo geni. Jake Burton Carpenter alianza kutengeneza zake Londonderry mwaka 1977. Kabla yake, mwaka 1965, Sherman Poppen wa Muskegon, Michigan, aliunganisha ski mbili, zile mbao nyembamba za kutelezea theluji, ili binti zake wapate cha kuchezea. Habari zao zilinitia moyo sana.

Ukiipasua snoubodi utakuta mbao katikati, faibaglasi juu na chini yake, kisha chini kabisa plastiki ngumu inayoteleza, imezungushiwa ukingo wa chuma. Wengi husifia faibaglasi. Mimi naona kazi kubwa iko kwenye mbao.

Niligandisha fito za popla, mti mwepesi unaopinda vizuri, na pale miguu inapokaa nikaweka mepo, mti mgumu zaidi, kwa sababu popla ni laini na nati za kufungia vishikio vya buti zinaweza kung'oka. Kisha ikaja kazi ya kupunguza unene: milimita 8 katikati, ukishuka taratibu hadi 2 kwenye ncha. Ikizidi wembamba huvunjika, ikizidi unene haipindi. Ruta, mashine ya kuchonga mbao, ilifanya sehemu kubwa, lakini mwisho ulikuwa wa randa na msasa. Jirani yangu, mzee aliyekuwa seremala Bukavu, alikuja kunisimamia. "Mwanangu, usisimamishe randa katikati ya mbao, itachimba," aliniambia. Alipitisha kidole gumba toka ncha hadi ncha, akasimama mahali ambapo mimi sikuona kitu. Nikapima kwa kalipa: pamezidi robo ya milimita. Shikamoo yake ilistahili siku ile.

Nati zenyewe huingizwa kabla ya kugandisha matabaka pamoja, na midomo yake niliiziba kwa nta, maana epoksi, gundi inayoyashikanisha, ikiingia kwenye nyuzi za nati hutoi tena. Juu ya ukingo wa chuma unalaza utepe mwembamba wa mpira. Chuma na faibaglasi havipanuki sawa kwenye baridi na joto. Mpira ndio unaovisuluhisha visiachane.

Kwa mashinikizo nilitumia mipira ya maji ya zamani ya zimamoto, imelazwa kati ya kalibu ya plaiwudi na mihimili ya chuma, nikaijaza upepo hadi pauni 40 kwa inchi ya mraba. Ukizidisha kwa eneo la ubao mzima unapata zaidi ya tani 10 zinazosukuma. Kwa hiyo tafadhali, fremu usiifunge kwa mbao na misumari, ikiachia inaua. Na epoksi vaa glavu na barakoa, fungua milango.

Tabaka la juu niliweka kitenge. Kikilowa epoksi rangi hukolea mno, mke wangu alisema ni hasara kukikanyaga.

Baada ya kukata umbo kwa msumeno, kunoa ukingo na kupiga pasi ya nta, niliupeleka Bolton Valley, mlima wa kutelezea huku Vermont. Ulikuwa mgumu kidogo kwenye ncha ya mbele kwenye theluji laini, lakini kwenye theluji iliyoshindiliwa ulishika kona kwa nguvu, na vidole havikugusa kitu. Nilipiga kelele mlimani peke yangu.

Sasa nimeshaanza wa binti yangu, sentimita 130. Kiini chake nimekishusha hadi milimita 6 katikati, maana uzito wake ni mdogo na ubao mnene hataweza kuupinda. Mzee ameshaupitishia kidole, akaniambia nirudie upande wa kushoto.