Kirikuu cha uani: kutengeneza, kuuza au kununua kingine

Juni, mwanzoni

Nyumbani tuna magari mawili. La kwanza ni Toyota IST: linaoshwa kila Jumamosi na funguo zake zinagombewa. La pili ni kirikuu, kipikapu kidogo cha mizigo, Suzuki Carry ya 2006, bodi ya DA63T, na hilo halina mgombea. Injini iko chini ya viti, kwa hiyo ukitoka Kibaha ukafika Mlandizi mchana makalio yameshaiva. AC hakuna. Mama watoto hulitaja kama "lile lako". Tulilinunua enzi za kuku wa mayai, libebe pumba na mifuko ya chakula. Kuku walipopungua likabaki uani, likitoka kwa nadra kufuata mchanga au kuhamisha kabati la ndugu.

Gari la namna hii huweza kukaa uani miaka bila mtu kuamua lolote. Ada ya leseni ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo likiwa limepaki haliumi mfukoni. Betri inakufa, mpira unapasuka kwa jua, nawe unaendelea kusema utaliangalia mwezi ujao.

Kilichonisukuma ni moshi wa bluu. Moshi mweusi maana yake petroli imezidi. Mweupe mzito usiokatika, maji yanaingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili inayoungua, na hapo uliza inaungua saa ngapi. Ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukakata, kwa kawaida ni sili za vali zilizokakamaa, oili imechuruzika usiku. Ukitoka ukikanyaga kupanda mlima, shuku ringi, vile vyuma vya duara vinavyoizunguka pistoni. Hili linafuka likipanda.

Familia nzima: uza. Dalali wa mtaani akasema milioni 2.8, jinsi lilivyo. Vya aina hiyo visivyo na moshi, hapa kwetu wenyewe wanataja milioni 5.5 hadi 6.

Juni, katikati

Sikutaka kujibu kabla ya kupima. Fundi wangu alikuja na geji ya kompresheni, ya kupima silinda inavyobana upepo. Tukalizungusha kwanza injini ipate moto, tukainua viti, tukachomoa koili na plagi zote tatu (injini yake, K6A, ni silinda tatu, sentimita za ujazo 658), tukakata umeme wa pampu ya mafuta. Mimi nikakanyaga pedali ya mafuta mpaka chini na kupiga stata, yeye akisoma mshale. Silinda ya kwanza psi 170. Ya pili 165. Ya tatu ikapanda kwa uvivu ikagota 95.

Akamimina kijiko cha oili kwenye tundu la ile ya tatu, tukapima tena. 140.

"Bosi, hapa hakuna mjadala. Hii ringi."

Mantiki yake ni nyepesi: oili ile inaziba kwa muda uwazi kati ya ringi na ukuta wa silinda. Kipimo kikipanda, upepo ulikuwa ukipitia huko. Kingebaki palepale, tungehamia kwenye vali au gasketi. Kwa kijiko kimoja unajua upande wa ugonjwa kabla hujaifungua injini yenyewe, na bado watu wanashusha injini kwa kusikiliza mlio tu.

Jioni nikalala chini ya gari na bisibisi. Injini hubadilishwa; fremu ikioza umenunua chuma chakavu chenye kadi. Nilichoma kila nilipoona rangi imevimba: chini ya milango, kwenye maungio ya fremu, mahali springi za nyuma zinaposhikwa. Bisibisi ilizama sehemu moja tu, kona ya kitanda cha mizigo upande wa kushoto, na hapo ni kazi ya mchomeleaji wa bati. Fremu yenyewe ililia ngo, ngo. Ingezama kwenye fremu ningempigia dalali usiku uleule.

Juni, mwishoni

Hesabu za mezani. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwenye gari lenyewe.

Kufungua injini, ringi, beringi za konrodi, sili, gasketi na ufundi: 1,150,000. Injini ya mtumba kutoka Gerezani, 1,600,000 bila ufundi, na ndani yake hakuna aliyeingia. Tena namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, ukifunga nyingine lazima taarifa zirekebishwe TRA, mamlaka ya mapato, la sivyo siku ya kuuza mnunuzi anakukimbia. Hiyo nikaifuta.

Kununua kirikuu kingine kwa milioni 6? DA63T iliacha kutengenezwa 2013, kwa hiyo chochote nitakachoonyeshwa kimeshapita miaka kumi. Nitaacha injini ninayoijua ugonjwa wake nikanunue ya mtu ambaye amepiga rangi bampa. Nayo nikaifuta.

Kisha nikauliza swali ambalo hakuna fundi wala dalali angeniuliza: nalihitaji? Kukodi kirikuu cha watu kutoka Mlandizi hadi kwangu ni 35,000. Kwa mizigo niliyo nayo sasa, mwaka mzima siifikishi 500,000. Ukitoa mafuta na bima ambavyo ningelipa hata kwa gari langu, kutengeneza kunarudisha fedha kwa kuchechemea miaka mingi. Ilinikera kidogo, maana nilishajipanga kuchagua kati ya mawili na jibu likawa la tatu: hamna haja ya gari la pili kabisa.

Lakini tazama upande wa soko. Likiwa na moshi milioni 2.8, bila moshi 5.5 kwa uchache. Tofauti ni milioni 2.7, na tiba ni 1.15. Dalali anaijua hesabu hiyo kuliko mimi, ndiyo maana alikuwa anapiga simu kila siku. Kwa hiyo hata anayetaka kuliondoa uani, alitengeneze kwanza, mradi fremu ni nzima na ugonjwa unajulikana. Visipokuwepo hivyo viwili, chukua za dalali haraka.

Julai

Injini chini. Silinda ya tatu: fundi alipitisha ukucha ukutani kutoka juu hadi chini, haukukwama popote. Ringi za oili zilikuwa zimegandishwa na masizi mpaka hazichezi kwenye mifereji yake. Maana yake ringi za saizi ya kawaida zinatosha, hakuna kutoboa upya. Nilipumua.

Hedi, kile kichwa kinachofunika silinda, tuliipeleka kwa fundi wa leti akaweka rula ya chuma juu yake. K6A ni aluminiamu, hedi na bloku, na injini ya aluminiamu ikichemsha mara moja vizuri hupinda. Hii haijawahi kuchemka, rula ilikaa. Cheni ya taimingi haina ulegevu, imerudi ileile. Waliozoea F6A ya zamani yenye mkanda huniuliza nimebadilisha mkanda gani. Hakuna mkanda humo.

Bati la kona limechomelewa. Rangi haifanani, na haitafanana.

Agosti

Linawaka, halifuki. Oili ya kwanza tunaimwaga mapema kwa sababu ya chembe za ringi mpya.

Wakati linajaribiwa barabarani, kijana wa jirani anayesukuma mkokoteni sokoni alinifuata. "Shikamoo mzee wangu. Nipe hilo gari kwa hesabu." Leseni anayo. Yeye haoni joto la kiti wala AC, anaona kitanda cha mizigo. Tumekubaliana 15,000 kwa siku, Jumapili yake, na mimi nikiwa na mzigo nabebewa kwa mafuta tu.

Kabla hajashika usukani kuna kazi: kutoka namba za njano za binafsi kwenda nyeupe za biashara, bima ya biashara badala ya binafsi, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu), na mkataba wa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mama watoto ameuliza kama uani patawekwa bustani.

Kilichobaki kubishaniwa ni uzito. Kwa kanuni za Japani gari hili ni la kilo 350, yaani mifuko saba ya saruji, na sijawahi kuona kirikuu hapa nchini kikibeba saba. Mimi nimesema nane, yeye anasema kumi na mbili. Springi za nyuma nimeziacha kama zilivyotoka kiwandani, na kwenye mkataba nimeandika kwamba haruhusiwi kuongeza hata jani moja la springi.