Kinachochemka ni petroli, siyo maji

Ukimwambia mtu gari linachemsha, anakimbilia rejeta. Mafundi wawili wamenifanyia hivyo mwaka huu, na ndiyo maana nina thamostati mpya ambayo sikuihitaji.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya marehemu baba, injini ya petroli ya lita 2.25, kabureta (kichanganya petroli na hewa) ya Zenith. Likiwa njiani halina neno. Taabu ni ukilizima. Mwezi uliopita nilisimama Mombo kula kabla ya kupanda Lushoto, jua la saa nane mchana. Nusu saa baadaye napiga stata: inazunguka, haishiki. Geji ya joto iko katikati, maji yamejaa, ila petroli inanuka mpaka barabarani. "Koili hiyo, mzee," akasema kijana mmoja wa bodaboda. Koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, ilikuwa na wiki tatu.

Nikavua mpira wa hewa, nikachungulia kooni mwa kabureta. Injini imezimwa, lakini petroli inadondoka ndani, toni, toni, toni, na ukitega sikio unasikia inatokota kama maharage.

Petroli haingoji nyuzi 100. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi. Na kwenye injini hii manifoldi ya hewa, yaani mabomba ya kuingizia hewa na petroli, imefungwa pamoja na ya ekzosi, kabureta imekaa juu yake. Gari likitembea, feni inapuliza na petroli ya baridi inaingia. Ukizima, joto lote linapanda juu, petroli inafura na kumwagikia ndani, plagi zinalowa.

Hapo usipampu mafuta, utazidi kulowesha. Nilikanyaga pedeli ya mafuta mara moja mpaka chini, nikashikilia ili hewa nyingi iingie, nikapiga stata. Ikakohoa moshi mweusi, ikawaka.

Nyumbani nikafungua. Kati ya kabureta na manifoldi kulikuwa na gasketi ya karatasi tu! Nimeweka kipande cha baklaiti (plastiki ngumu inayozuia joto) cha milimita 6, gasketi juu na chini. Stadi, zile boliti za kufungia kabureta, za zamani zikawa fupi, nikazunguka Gerezani, Dar, nusu siku kutafuta ndefu. Bomba la mafuta lililokuwa limelalia injini nalo nimelisogeza. (Mfuniko wa Zenith nao ulikuwa umepinda, ugonjwa wake wa siku zote, nikausugua kwa msasa juu ya kioo.)

Jumamosi nimesimama tena Mombo, saa nane ile ile. Harufu kidogo bado ipo, lakini limewaka bila kukanyaga. Yule kijana alikuwepo. Akaniuliza koili nimenunua shilingi ngapi.