Kilicho nyuma ya lipu

Ukuta nilioukabidhi miaka saba iliyopita katika nyumba moja ya mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, ulianza kubambuka mwaka jana. Habari hiyo sikuipata kwa mwenye nyumba bali kwa jirani yake, aliyenisimamisha nikitoka sala ya Ijumaa akaniuliza, kwa upole ule ambao watu wa mji huu huutumia wanapotaka kukuumbua bila kukuvunjia heshima, kama ile kazi ya msana wa tini, ukumbi unaotazama ua wa ndani, ilikuwa yangu. Nilimjibu kuwa ni yangu. Hakusema zaidi. Jioni ile nilikwenda kuutazama, nikakuta lipu imeachana na jiwe kwa mabamba makubwa, na mahali palipopaswa kuwa na chokaa tupu palikuwa na rangi ya kijivu ya saruji, wazi kwa kila aingiaye.

Sikushangaa, kwa sababu saruji ile niliiamuru mimi.

Kwa asiyezijua nyumba zetu, kuta za Mji wa Kale hujengwa kwa mawe ya matumbawe, yanayochimbwa Maweni, ng'ambo yetu katika kisiwa cha Manda, yakavushwa kwa mashua na kupitishwa vichochoroni juu ya mashogi ya punda. Jiwe hilo lina vitundu na lina chumvi ndani yake. Hunywa unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha huutoa taratibu. Lipu ya chokaa huuachia unyevu huo njia. Saruji huuziba, na unyevu uliokosa pa kutokea hubaki nyuma yake, chumvi ikaganda ndani ya jiwe na kulila kidogo kidogo hadi siku lipu inapoachia. Mafundi wa hapa walilijua jambo hili kwa mikono yao muda mrefu kabla mji haujaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Ndiyo maana kibali cha ukarabati wa nyumba ile kilisema chokaa, mkataba ukasema chokaa, na mimi mwenyewe, siku ya kupeana mikono, nilimwambia mwenye nyumba kwamba hautaingia hata mfuko mmoja wa saruji.

Alitaka nyumba iwe tayari kabla ya Maulidi ili wageni wake wafikie humo. Maulidi ya Lamu huleta watu kutoka kila upande wa pwani, na hakuna mwenye nyumba asiyetamani kuufungua mlango wake siku hizo. Nilihesabu miezi kwa vidole, nikasema inawezekana. Masika ya mwaka huo yalikawia kwisha, kuni za tanuu zikalowa, tukachoma chokaa nje ya wakati wake. Na chokaa iliyochomwa leo haipigwi ukutani kesho, bali huzimwa kwa maji, hutiwa shimoni, ikalala wiki nyingi hadi ilainike. Zilipobaki wiki tatu chokaa yetu ilikuwa ingali na vidonge. Asubuhi moja niliwakusanya mafundi, nikawaambia wapige saruji kwanza, kisha juu yake wapake ile chokaa kidogo iliyokwisha kuiva. Sikutoa maelezo marefu. Nilisema, "Kwa mara hii tu."

Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye kikosi kizima humwita Ami, alikuwapo. Aliuweka mwiko wake ndani ya karai, akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini ili vijana wasisikie: "Mwanangu, mai hayana haya." Alikuwa na maana kwamba maji hayataniona aibu, yatatoka siku yatakayo, mbele ya yeyote yatakayemkuta. Kesho yake akaomba apangiwe kazi ya boriti za darini. Nilimpangia upesi, nikajidanganya kwamba ninamwekea heshima yake, ilhali kwa kweli nilikuwa nimemwondoa shahidi.

Nyumba ikaisha kwa wakati. Ilipendeza. Nilisifiwa.

Yapata miaka miwili baadaye tulikuwa na kazi nyingine Langoni, isiyo na haraka yoyote, nikamkuta kijana mmoja wa kikosi changu akichanganya saruji kwa ajili ya ukuta uliokuwa na unyevu. Nilimkemea mbele ya wenzake, tena kwa maneno makali. Akanitazama bila ujeuri wowote, akasema, "Fundi, si ndivyo tulivyofanya Mkomani?" Kijana huyu alikuwa amekaa nami miaka minne. Nilikuwa nimemfundisha kuchagua jiwe kwa kuligonga, kusimamisha timazi, kuizima chokaa bila kujiunguza, kuipaza sauti yake mwenye mali akiwa mbali na kuishusha akiwa karibu. Katika yote hayo, lililomkaa zaidi ni la asubuhi moja tu, kwa kuwa asubuhi hiyo ndiyo aliyoniona nikichagua. Siku nyingine zote chokaa ilikuwapo, na kuitumia hakukunigharimu kitu. Hakuna alichoweza kujifunza juu yangu katika siku hizo.

Hata hivyo sikubomoa ukuta wa Mkomani. Nilimwomba kijana radhi kwa kumkemea, basi, nikaendelea na maisha yangu kwa miaka mitano mingine.

Nimefikiri sana mwaka huu kosa lenyewe lilikuwa wapi. Kwa muda mrefu nilidhani ni saruji. Sasa naona kwamba saruji ilikuwa matokeo tu, na kwamba uongo ulisemwa miezi mingi kabla yake, siku niliyosema "inawezekana". Niliijua chokaa, niliijua masika, nilijua kuni hulowa. Lakini mbele yangu alikuwapo mteja mwenye fedha, na nyuma yangu walikuwapo makandarasi wawili ambao wangemwambia anachotaka kukisikia. Nikakubali tarehe ambayo kazi ya haki haikuweza kuifikia. Wiki tatu kabla ya Maulidi nilikuwa sina tena nafasi ya kuwa mkweli kwa bei nafuu, maana mkweli wa wakati huo angevunja ahadi, angelipa fidia, angeaibika mbele ya wageni. Mtu akijiweka mahali ambapo uaminifu ni ghali kiasi hicho, asijipe sifa kwamba alijaribiwa, alijitega mwenyewe. Nahodha aliyekwisha kuuza nafasi nyingi kuliko uwezo wa boti yake hawezi kuanza kuwa mwangalifu akiwa katikati ya mkondo. Uangalifu wake ulipaswa kuwapo gatini, wakati abiria wa mwisho anaponyoosha nauli.

Kwa hiyo siku hizi nikiingia katika ofisi au hoteli iliyobandika maadili yake ukutani, uadilifu, ubora, utu, na mengine ya namna hiyo, huwa siyasomi sana. Hutamani kuona ratiba ya zamu na orodha ya bei. Aliyewapa wahudumu watatu vyumba vya watu watano ameshaamua tangu asubuhi kwamba baadhi ya shuka hazitabadilishwa, hata kama hajamwambia mtu yeyote aseme uongo.

Wenzetu wa nje wana jina kwa mambo haya, uongozi wa uhalisi, na miongoni mwa walioueneza zaidi ni Bill George, Mmarekani aliyeiongoza kampuni ya vifaa vya tiba ya Medtronic kuanzia 1991 hadi 2001 na baadaye akafundisha Harvard. Anasisitiza kwamba kiongozi aongoze kutokana na historia yake na maadili anayoyaamini, asiige mtindo wa mtu mwingine. Sina ugomvi na wazo hilo, ila nimeona linavyofika huku kwetu likiwa limepungua njiani, likabaki "kuwa wewe mwenyewe", na kila msimamizi mwenye hasira akalichukua kuwa ruhusa ya kuwatukana watu asubuhi na kusema ndivyo alivyoumbwa. Asubuhi ya saruji mimi nilikuwa mimi mwenyewe kabisa. Nilikuwa mwoga, na niliongoza kwa woga wangu halisi.

Sisi tulikuwa na neno letu, uungwana, lakini nalo si neno safi kama tunavyopenda kulitaja kwenye hotuba za harusi. Katika mji huu lilitenganisha watu waliozaliwa huru na watumwa wao, na liliamua nani akae katika nyumba ya mawe na nani katika ya makuti. Anayesema muungwana ni kitendo analing'oa neno kwenye nasaba na kulipandikiza kwenye mkono, na katika Lamu ya zamani kusema hivyo hakukuwa jambo dogo. Habib Saleh, aliyetoka Ngazija akaja kuishi hapa katika karne ya 19, aliwafundisha dini watu ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwafundisha, wakiwamo waliokuwa watumwa na watoto wao, na wengi wa wakubwa hao hawakumfurahia. Msikiti na chuo cha Riyadha, upande wa Langoni, vilitokana na kazi hiyo, na ni hapo ambapo Maulidi yetu hukusanyikia. Nimelitafakari hilo kwa uchungu kidogo: niliharakisha ukuta wa uongo kwa ajili ya sherehe iliyokuzwa na mtu aliyekubali kutopendwa na wakubwa.

Sheria haikunisaidia, wala sidhani kwamba ndiyo kazi yake. Sura ya Sita ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema, katika Kifungu cha 73, kwamba mamlaka anayopewa afisa wa serikali ni dhamana ya umma, na neno hilo dhamana nalipenda kwa kuwa linakumbusha amana, kitu cha mwenzako kilichowekwa kwako. Mimi si afisa wa serikali. Hakuna mkaguzi angekuja na nyundo kugonga nyuma ya lipu iliyopakwa chokaa vizuri, na ndiyo maana kila fundi hupewa nyuma ya lipu kama amana.

Baada ya kuuona ukuta nilikaa siku nne bila kumpigia mwenye nyumba, nikitunga maneno. Siku ya tano nilimpigia, maneno yote yakanipotea, nikasema tu kwamba nilitumia saruji, nikijua, na nikamficha. Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Miaka saba, bwana. Nimewalaza wageni mle miaka saba, nikawa nawaambia harufu ile ni ya bahari." Hakunisamehe, na sikumwomba. Alitaka nirudie kazi kwa fedha zangu, na kila hatua ikaguliwe na fundi mwingine atakayemchagua yeye. Sharti la fedha nililitarajia. La fundi mwingine liliniuma kwa siku kadhaa, hasa kwa kuwa aliyechaguliwa ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, na hujibu salamu zangu kwa adabu mno.

Tukaanza kubomoa. Siku ya kwanza niliwaeleza vijana wote kwa nini tunabomoa, na ni nani aliyeamuru saruji ile, kwa sababu wengine walikuwa wapya na wangedhani ni kosa la fundi asiyekuwapo. Nilitarajia ukimya wa heshima. Mmoja akacheka, kisha wengine, na Ami, ambaye sasa hapandi tena jukwaani, alikuwa amekaa dakani, kwenye baraza ya mlangoni, akitazama upande wa pili kana kwamba hasikii. Nilimwendea baadaye nikamkumbusha maneno yake ya mai. Akasema hakumbuki kuyasema. Namjua mzee yule, na kumbukumbu yake ni nzuri kuliko yangu.

Nimebadilisha mambo mawili tu katika namna ya kufanya kazi, yote madogo. Mwenye mali au mtu wake huitwa kuuona ukuta ukiwa uchi, kabla ya lipu, na haipigwi hadi afike. La pili ndilo gumu. Sitaji tena tarehe ya kumaliza kabla chokaa haijawa shimoni. Mwezi uliopita mtu mmoja alinijia na kazi kubwa, nyumba ya ghorofa mbili yenye zidaka nzuri, vile vishubaka vya ukutani, zilizokatika, akataka iwe tayari kabla ya Maulidi. Nilimwambia itakuwa baada ya Maulidi, tena kwa miezi miwili. Alinishukuru kwa heshima. Wiki iliyofuata niliwaona punda wa mkandarasi mwingine wakipita kuelekea kwake na mifuko ya saruji. Mke wangu aliniuliza kama tunaweza kuikosa kazi ile mwaka huu, tukiwa tunalipia na ukuta wa Mkomani. Nikamjibu kwamba itatubana, na inatubana kweli.

Juzi kijana yule aliyenijibu Langoni, ambaye sasa ana kikosi chake kidogo chini yangu, alinifuata akauliza kama tulifungue shimo la pili la chokaa, kwa kuwa la kwanza limekaribia kwisha na upande wa kaskazini wa ukuta umeshaoshwa chumvi. Nilichota kidogo kwa ncha ya mwiko, nikampa asugue katikati ya vidole vyake. Akasugua, akasema bado kuna vidonge. Akalifunika shimo kwa gunia lililolowa maji, tukarudi ndani kukwangua saruji.