Jinsi Nilivyopata Risasi Isiyonivunja Bega

Juu ya jicho langu la kulia kuna kovu lenye umbo la mwezi mwandamo, na kila anayeliona hudhani kwamba nilipigwa. Ni kweli nilipigwa, lakini kilichonipiga ni bunduki ya shemeji yangu, tena kwa ridhaa yangu mwenyewe, baada ya kuamini ushauri wake kwamba bunduki ya kuwinda ni lazima iwe na nguvu za kuangusha nyati.

Mimi ni mzaliwa wa Moshi na ninaishi Pennsylvania, Marekani, ambako ninafanya kazi ya kutunza wazee. Kimo changu ni futi tano na inchi mbili. Uzito wangu naomba niuache. Huku msimu wa kuwinda kulungu wa mkia mweupe kwa bunduki hufunguliwa Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Shukrani, na wenyeji huuchukulia kama sisi tunavyouchukulia mwezi wa Desemba wa kwenda nyumbani kula mbuzi: ruhusa za kazini huombwa miezi mingi kabla, na asiyekwenda huulizwa kama ni mgonjwa. Baada ya kusikiliza hadithi hizo miaka kadhaa, nilihudhuria kozi ya uwindaji, nikakata leseni, na nikaamua kununua bunduki moja tu itakayofanya kazi mbili, yaani kulenga shabaha za karatasi wakati wa kiangazi na kuwinda mwishoni mwa Novemba.

Shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa na jibu kabla sijamaliza swali. “Shem, usinunue vitu vya kitoto. Chukua .300 Winchester Magnum, hutajuta.” Akanipeleka kwenye uwanja wa shabaha na bunduki yake ya risasi hiyo, ambayo ni ya nguvu nyingi; bunduki yenyewe ilitengenezwa iwe nyepesi kwa ajili ya kupanda milima. Hakuna aliyeniambia kwamba jicho linapaswa kukaa mbali kidogo na darubini, na mimi, kwa kutaka kuona vizuri, nilikuwa nimelisogeza kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Nilivuta triga. Kitako kilinisukuma bega, bega likarudi nyuma, darubini ikanifuata usoni, na kitu cha kwanza nilichokitambua ni ladha ya damu iliyokuwa ikishuka kandokando ya pua yangu. Shemeji alinipa kitambaa na kusema, “Pole sana, shem. Lakini umeona ilivyo na nguvu?”

Kesho yake niliingia kazini na plasta usoni. Bibi mmoja ninayemhudumia, mwenye miaka tisini na kitu, alinishika mkono nilipokuwa nikimpa dawa, akaninong’oneza kwamba nisiogope, yeye atapiga simu polisi kwa niaba yangu. Nilimweleza habari za bunduki. Hakuniamini, na hadi leo mume wangu akija kunichukua humtazama kwa jicho baya.

Ushauri wa pili niliupata dukani, na huu uliniudhi kuliko wa kwanza. Muuzaji alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, kisha akanitolea bunduki ndogo ya .243 Winchester yenye kitako kifupi, akisema kwamba ndiyo “ya akina mama na watoto”. Sina ugomvi na risasi yenyewe. Ilitoka mwaka 1955, ni ganda la risasi nyingine kubwa zaidi, .308 Winchester, lililobanwa shingo ili lishike kichwa chembamba cha milimita 6, na imeangusha kulungu wasiohesabika. Nilichokuja kugundua baadaye ni kwamba bunduki aliyonipa haikufika hata kilo tatu. Niliinunua, kwa bei ambayo dada yangu aliambiwa nusu yake. Ilirukaruka mikononi kama ndama asiyezoea kamba, na matundu yangu kwenye karatasi yalitawanyika mithili ya nyota, ilhali watoto wa miaka kumi na minne waliokuwa meza ya jirani walikuwa wakiyapanga yao yakagusana.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu, ambaye huja uwanjani hapo kila wiki na chupa yake ya kahawa. Alinitazama nikipiga risasi tano, akaniuliza kama angeweza kunijazia bunduki yeye. Nikakubali. Akawa anageuka, anaingiza risasi, anafunga, ananikabidhi bunduki mdomo wake ukiwa umeelekea kwenye shabaha, nami ninapiga. Ya kwanza ililia. Ya pili ililia. Ya tatu haikulia: kulikuwa na “tik” tu, na katika ukimya ule niliona kwa macho yangu mwenyewe mdomo wa bunduki ukiinama ghafla kama kuku anayedonoa mchele, jicho langu likifumba, na bega likijikunja kupokea pigo ambalo halikuja. Mzee alikuwa ameweka risasi bandia, ile ya plastiki isiyo na baruti. Nilicheka mpaka nikashindwa kushika bunduki. Alirudia mchezo huo mara kumi bila kunijulisha ipi ni ipi, na kila ilipofika ya bandia kuku wangu alidonoa. Kumbe sikuwa nikikosa shabaha kwa sababu ya darubini, wala upepo, wala mkono. Nilikuwa naiogopa bunduki kabla haijalia, na woga huo niliununua siku ile ya shemeji.

Hapo ndipo mzee alipochukua kalamu na kunifafanulia teke la bunduki linatoka wapi. Kinachosukuma kitako nyuma ni uzito na mwendo wa kichwa cha risasi pamoja na gesi ya baruti inayotoka nacho. Kinachozuia ni uzito wa bunduki, kiasi kwamba risasi ileile ikipigwa kwa bunduki yenye uzito maradufu, nguvu ya teke hupungua nusu. Wamarekani hupima risasi kwa greni, na greni 100 ni kama gramu 6.5. Bunduki ya shemeji ilikuwa inarusha kichwa cha greni 180 kwa baruti ya greni zaidi ya 70, na kwa bunduki ya kilo tatu na nusu hivi, hesabu ya mzee ilitoa teke la jouli (kipimo cha nishati) zipatazo 36. Bunduki yangu “ya akina mama” ilitoa jouli 14 au 15. Kisha akapiga hesabu ya risasi iitwayo 6.5 Creedmoor, kichwa cha greni 140 kwa baruti ya greni 41 hivi, katika bunduki yake mwenyewe ya kilo nne na ushee: jouli 13. Niliichukua karatasi ile nikaitazama mara mbili. Risasi kubwa kuliko yangu ilikuwa inapiga teke dogo kuliko yangu, kwa sababu tu muuzaji alidhani mwanamke hawezi kubeba kilo nne. Mtu aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani kutoka mtoni hadi nyumbani!

Wiki iliyofuata tulijaribu aina tatu za risasi kwa bunduki za uzito unaokaribiana, ambazo mzee alizikusanya kwa rafiki zake. Ile .243 kwa bunduki nzito ilikuwa laini ajabu, na kama ningetaka kulungu tu ningebaki nayo. Ya 7mm-08 Remington, ya mwaka 1980, ilisukuma zaidi kidogo, ni risasi nzuri sana porini, ila madukani nilikuta karibu zote ni za uwindaji, na za kushindania shabaha ni za kutafuta. Ile 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2007 kwa ajili ya mashindano ya shabaha, niliikuta kila duka, za karatasi na za porini, dola thelathini na kitu hadi hamsini kwa boksi la ishirini kutegemea siku na duka. Kichwa chake ni kirefu na chembamba, hivyo hakipotezi mwendo upesi hewani na hupenya vizuri nyamani. Nikaichagua, na ile ndogo nikaiuza kwa hasara ambayo sitaitaja.

Shemeji aliposikia alisema risasi hiyo ni ya kutoboa karatasi. Nikamkumbusha kwamba Wanorwe na Waswidi wana risasi ya milimita 6.5 tangu mwaka 1894, na kwa risasi hiyo huangusha wanyama wa jamii ya kulungu wanaofikia kilo 400. Nikaongeza habari za yule Mskoti, W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua mamia ya tembo kwa risasi ndogo ya 7x57 Mauser, kwa kuwa alijua hasa ubongo ulipo. Simsifu kwa kumaliza tembo, na Tanzania ya leo ukitaka kumwinda nyati sharti uwe na bunduki ya kipimo cha .375 au kubwa zaidi, jambo ambalo sina ubishi nalo. Nilichotaka shemeji aelewe ni kwamba kulungu wa kilo sabini hahitaji mzinga.

Bunduki mpya haikuniondolea woga peke yake. Kila jioni kwa miezi miwili, risasi zote zikiwa zimefungiwa chumba kingine na chemba, yaani mahali risasi inapokaa, nimeikagua kwa jicho na kwa kidole, nililaza sarafu juu ya mtutu karibu na mdomo, nikavuta triga. Mwanzoni sarafu ilianguka kila mara. Mume wangu alizoea kuuliza kutoka jikoni, “Imeanguka?” nami namjibu. Kufikia Oktoba akawa anauliza na mimi nipo kimya, sarafu imetulia.

Novemba nilikaa chini ya mti wa mwaloni tangu alfajiri, nimevaa rangi ya chungwa kama sheria inavyotaka, vidole vya miguu havina habari na mimi. Saa tatu kasoro akatokea jike peke yake, akasimama ubavu kama hatua themanini. Nakumbuka ncha ya msalaba wa darubini nyuma ya bega lake. Nakumbuka majani yalivyoruka alipokimbia hatua chache na kulala. Teke silikumbuki.

Shemeji alikuja na mfuko wa nyama, na Januari akaomba kuijaribu bunduki yangu uwanjani. Nilimwambia nitamjazia mimi. Risasi mbili za kwanza zililia vizuri, na alikuwa ameanza kunieleza makosa ya bunduki hiyo nilipomwekea ile ya plastiki. Kuku alidonoa kwa nguvu kiasi kwamba kofia yake ilimdondoka, na mzee, aliyekuwa meza ya pili, akalazimika kuweka kahawa yake chini.