Kitenzi cha "kwenda": hatimaye jedwali limekaa sawa

Limekubali! Ni jedwali la asili ya maumbo ya "kwenda" katika lugha zilizotokana na Kilatini. Safu ya Kifaransa sasa ina rangi zake tatu: je vais ("naenda") na ils vont ("wanaenda") bluu, kutoka vadere ya Kilatini; nous allons ("tunaenda") kijani; j'irai ("nitaenda") nyekundu, kutoka ire, nayo ya Kilatini. Mchoro wa mti nimeutupa. Mti unataka kila mtoto awe na mama mmoja, na kitenzi hiki kina mama watatu. Programu za kujipangia visanduku zenyewe sizitaki tena kwa kazi hii. Calc ya LibreOffice, programu ya majedwali, kila nafsi na seli yake, inatosha kabisa.

Bluu haikunisumbua. Maumbo kama is ("unaenda") na it ("anaenda") ya ire yalikuwa mafupi mno, yakapotea midomoni. Biblia ya Kilatini ya Mtakatifu Jeromu tayari inaamuru vade, "nenda". Kihispania kikachukua voy ("naenda") kutoka vadere, kikabakiza iba ("nilikuwa nikienda") na iré ("nitaenda") za ire, kisha fui ("nilienda") kikaiazima kwa kitenzi cha "kuwa".

Kilichonitesa ni kijani. Wengi wanakirudisha kwa ambulare, "kutembea". Sawa, lakini ambulare ikifuata mkondo wa kawaida wa sauti inatoa ambler, mwendo fulani wa farasi, na kwa Kiromania a umbla. Kwenye aller, umbo la msingi la allons, ile mb imekwenda wapi? Nimehangaika nayo hadi nikakutana na glosi za Reichenau, za karne ya 8, zilizofafanua maneno magumu ya Biblia kwa wasomaji wa kaskazini mwa Ufaransa. Humo tayari kuna alare! Neno lilishalika mapema, na maneno ya kutwa kucha, hasa ya kuamrisha, ndivyo yanavyolika. Nimeridhika.

Andare ya Kiitaliano ("kwenda") bado. Ile d inanivuta kwa ambitare, umbo la kukisiwa tu lililojengwa juu ya ambire, kwa hiyo nimeipaka kijani hafifu.

Leo ilikuwa zamu ya esse, "kuwa" ya Kilatini. Itasubiri, maana Kikatalani kimeniteka. Kifaransa na Kihispania vinatumia "kwenda" kujenga wakati ujao: je vais chanter, voy a cantar, yaani "nitaimba". Kikatalani kinasema vaig cantar, na maana yake ni "niliimba"! Tena kwenye wingi maumbo yameachana: anem ni "tunaenda", lakini "tuliimba" ni vam cantar. Nimeshafungua karatasi mpya, anem upande huu, vam upande ule, na natafuta maandishi ya zamani yatakayonionyesha zilianza kuachana lini.