Subaru Forester ya 2003 na taya (tairi) za nyuma

Wiki tatu gari imenitesa, nikikata kona kali polepole hapa tauni Nakuru inatetemeka na kujivuta kama nimesahau hendibreki, fundi akasema gia boksi imekufa tutafute ingine. Nikakataa kwanza. Yangu ni otomatiki, na Subaru za miaka hiyo ziko na mahali pa fyuzi chini ya boneti pameandikwa FWD, yaani kuvuta na mbele tu, ukiweka fyuzi hapo magurudumu ya nyuma hayapati nguvu tena, nikaweka, gari ikatulia kabisa! Kumbe mbele na nyuma zilikuwa zinavutana. Kuangalia saizi za taya: mbele 215/60R16, nyuma nilikuwa nimenunua mtumba 215/65R16, mzunguko wake unapishana karibu 68 mm, na kwa hizi gari zinazovuta na magurudumu yote manne tofauti haifai kupita kama 6 mm. Hata saizi ikiwa moja, mpya mbili na zilizoisha mbili bado ni shida, kwa hivyo zungushia kila taya tepi ya fundi wa nguo upime. Nimeweka nne zinazofanana, mafuta ya gia boksi mapya, fyuzi nikatoa, na jana nimepanda Mau Narok kwa matope bila kutetemeka hata kidogo, nimefurahi sana.